Kambi ya jeshi iliyoachwa: tuweke shule, ghala, makumbusho au nyumba za kupanga?

Kijijini kwa mama yangu, mashariki ya mkoa wa Dodoma, kilomita kama kumi na nne toka lami, kuna kambi ya zamani. Askari walishaondoka siku nyingi, yamebaki mahanga sita waliyokuwa wanalala, mesi yao ya kupikia na kulia, kota tatu za wakubwa, kijumba cha lindo pale getini na uwanja wa gwaride ambao siku hizi mbuzi ndo wanapiga kwata. Kila mwaka mavuno yakiisha na watu wakipata muda wa vikao mjadala unaanza upya. Diwani anataka sekondari, wakulima wanataka ghala, vijana wanataka vyumba vya kupangisha maana wamesikia chumba kinavyolipa Dodoma mjini, na kuna mmoja kashuka juzi na treni ya SGR toka Dar akasema hapa ni makumbusho tu, watalii watakuja wenyewe.

Mimi ni fundi ujenzi, naishi mjini. Mjomba akanipigia simu, "Mpwa, wewe si ndo fundi, njoo utupimie tuache kelele." Nikaenda na tepu na bisibisi, nikakaa siku tatu. Haya ninayoandika ndo niliyowaambia, nimeongezea kidogo maana najua hatuko peke yetu, kuna vijiji na halmashauri kibao zinatazamana na majengo ya namna hii kila siku na hamna anayeamua.

Kwa ambaye hajapita JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, hanga ni bweni la askari. La kwetu ni mita 30 kwa 6, tofali za kuchoma, chini jamvi la zege, madirisha madogo yako juu karibu na lenta, ule mkanda wa zege unaobeba ukuta juu ya dirisha na mlango, na milango miwili tu, mmoja kila mwisho, katikati hamna kitu, ni ukumbi mrefu kama behewa. Hiyo milango miwili iwekeni kichwani maana ndo imeniamulia mambo mengi kuliko maneno ya kikao.

KABLA YA YOTE, NI YA NANI?

Hili watu hawapendi kulisikia. Majengo kukaa wazi miaka ishirini hakuyafanyi kuwa ya kijiji. Ardhi ya jeshi ni ya serikali, haimo kwenye ardhi ambayo halmashauri ya kijiji inagawa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa hiyo hata mkutano mkuu wa kijiji ukipiga kura mia kwa mia bado hujapata kitu. Mnahitaji karatasi ya makabidhiano kupitia halmashauri ya wilaya na wizara yenyewe ya ulinzi, iseme eneo lina mipaka hii, majengo haya, kwa matumizi haya, kwa muda huu au moja kwa moja. Neno la afande fulani aliyepita akasema "tumieni tu" halina kazi.

Mfano uko Nkasi, Rukwa. Kambi ya JKT Milundikwa iliwahi kugeuzwa sekondari, watoto wakasoma pale. Sasa si unajua JKT ya mujibu wa sheria, ile ya lazima kwa vijana wanaomaliza shule, ilisimama 1994 ikarudi 2013, kambi zikaanza kuhitajika tena, ikabidi majengo yarudi kwa wenyewe na shule ihamie kwingine ikajengwe upya. Hakuna aliyekosea pale, mwenye nyumba kairudia nyumba yake. Ila piga picha umetumia nguvu za wananchi kuchimba visima na kujenga maabara halafu unaambiwa hamisha.

Kwa hiyo kama karatasi yenu ni ya muda, msichague kitu kinachokula hela nyingi ukutani. Chagueni kinachohamishika: vitanda, chaga za kuwekea magunia, mashine iliyofungwa kwa bolti. Kama ni ya moja kwa moja hapo uwanja ni wenu.

MABOMU NA ASBESTO

Hapa sitanii hata kidogo. Kambi nyingi zilikuwa na uwanja wa shabaha na sehemu ya kutunzia risasi, na kitu kinaweza kubaki ardhini. Ngara kule Kagera mwaka 2017 watoto wa shule ya msingi waliokota kitu wakidhani ni chuma chakavu, kumbe bomu, wakafa. Kwetu watoto wanauza chuma chakavu kila siku. Kabla hamjalima, hamjachimba msingi, hamjafungua shule, liombeni jeshi lenyewe lije likague eneo na mpewe maandishi kwamba limekaguliwa. Ni haki yenu kuomba, wala si kuwasumbua.

Asbesto ni yale mapaa ya kijivu ya mawimbi, mazito, yanayovunjika kama biskuti. Kwetu mahanga mawili yako hivyo, manne ni bati la kawaida. Asbesto ikiwa nzima imetulia juu haina neno sana, balaa ni ukiikata, ukiitoboa, ukiipiga nyundo, lile vumbi lake likiingia kifuani linaleta kansa miaka na miaka baadaye. Nimeona vijana wanazivunja wanatengenezea banda la kuku. Kuitoa kunataka utaratibu: unailowesha maji, unaishusha nzima, unaifunga kwenye nailoni nzito, inazikwa sehemu iliyokubaliwa na watu wa NEMC, lile baraza la mazingira. Ni gharama, iwekeni kwenye makisio toka mwanzo kwa sababu inaweza kukubadilishia uchaguzi kabisa. Hanga lenye asbesto mimi siwezi kulaza mtoto humo, hata mniambie ni nzima.

MADARASA

Wengi wanachagua hili, na mimi nalikataa.

Hesabu ya diwani ni kwamba hanga moja linakatwa mara tatu unapata madarasa matatu ya mita 10 kwa 6, mahanga manne ni madarasa kumi na mbili, sekondari hiyo imekamilika. Kwenye karatasi inapendeza. Nenda sasa ukasimame ndani. Ukipandisha kuta mbili za kugawa, darasa la huku lina mlango, la kule lina mlango, la katikati halina. Lazima uvunje ukuta. Ukishavunja unahitaji lenta mpya juu ya huo mlango, na unahitaji baraza nje ili mtoto asitoke moja kwa moja kwenye matope. Halafu madirisha yale ya juu, yalitengenezwa askari alale, siyo mtu asome ubaoni, saa nne asubuhi ndani bado ni kiza, unavunja tena ukuta kushusha madirisha. Mwisho wa siku umebakiza msingi na paa, na paa lenyewe kenchi, zile mbao zinazolibeba, zimeliwa.

Niseme na langu. Kuna shule moja, siitaji, nilishiriki kugeuza bweni kuukuu kuwa madarasa, tulikuwa na haraka shule zinafunguliwa, nikatoboa mlango chini ya dirisha nikaweka mbao mbili badala ya lenta nikisema nitarudi. Sikurudi. Masika ya kwanza ufa ukapanda toka kona ya mlango mpaka kwenye bati, unaingiza kiganja. Ile kazi ilirudiwa kwa hela ya wazazi na kosa lilikuwa langu.

Ukitaka kipimo, mwaka 2021 serikali ilipojenga yale madarasa ya fedha za UVIKO, yalikuwa 15,000 nchi nzima, kila darasa lilipangiwa milioni 20 na lilikuwa jipya kabisa na meza na viti. Mimi nilivyopiga hesabu ya hanga letu moja, kuvunja, lenta, baraza, madirisha, kenchi na rangi, nilikaribia bei ya madarasa mapya mawili ili nipate matatu mabovu mabovu. Tofauti hiyo ni ndogo sana kwa jengo la umri ule. Ukiongeza sekondari inahitaji maabara na walimu wa kuishi huko porini, mi naona heri madarasa mapya yajengwe pembeni ya shule iliyopo na mahanga yafanye kitu kingine.

BWENI

Sasa geuza hesabu. Sekondari ya kata ipo kilomita tatu toka kambini. Watoto wa vitongoji vya mbali wanatembea, wengine kilomita kumi na kitu, mabinti wengine wamepanga vyumba kwa watu senta wanapika wenyewe, na yanayowapata huko kila mzazi anayajua. Hawa wana madarasa, wanachokosa ni pa kulala.

Hanga linafanya kazi hiyo bila kuvunja hata tofali moja. Upana mita 6, unaweka deka, vile vitanda vya juu na chini, huku mita mbili, huku mita mbili, katikati unabaki na njia ya mita mbili. Kwa urefu wa mita 30 unapanga deka kumi na tano kila upande na nafasi katikati yao, ni wanafunzi 60 bila kubanana. Na ile milango miwili iliyokuwa mkosi kwenye madarasa hapa ndo inaokoa maisha. Shauritanga kule Rombo mwaka 1994 moto uliua wasichana zaidi ya arobaini bwenini, Idodi Iringa mwaka 2009 wakafa kumi na wawili. Bweni linataka njia mbili za kutokea, milango ifungukie nje, isifungwe na kufuli kwa nje eti watoto wasitoroke, na kama madirisha yana nondo, angalau mawili nondo zake zifunguke. Hanga lina nusu ya hayo tayari.

Ubaya wa bweni ni maji. Watu 60 wanaoga, wanafua, wanapika. Kwetu Ugogoni mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, mwaka mzuri unapata milimita mia tano na kitu mia sita, baada ya hapo ni vumbi. Visima vingi maji yake ni ya chumvi. Kambini kuna kisima cha zamani na tanki la zege, lakini pampu ilishang'olewa na maji hayajapimwa. Msianze kununua magodoro kabla RUWASA, wakala wa maji vijijini, hawajaja kuyapima na kuwaambia kinatoa lita ngapi kwa saa. Na la pili, bweni linataka mtu: matroni, mpishi, mlinzi, kila mwezi, hata mwaka wa njaa. Mzee mmoja kikaoni aliuliza swali zuri kuliko yote, "Mwaka ambao uwele haujatoka, hao watoto mtawalisha nini?" Hakuna aliyejibu.

GHALA

Hapa ndo nina udhaifu, nakiri mapema, baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa na nimekulia juu ya magunia.

Tatizo la mkulima wa kwetu liko wazi. Mwezi wa sita, wa saba kila mtu anauza, bei iko chini, mnunuzi anakuja na mizani yake na lumbesa yake, lile gunia la kujaza kupita kipimo. Mwezi wa kwanza mtu huyohuyo ananunua mahindi kwa bei inayoumiza. Katikati hapo kinachokosekana ni pa kuweka mzigo pakavu. Nyumbani unaweka, dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, anaingia, sisi wengine tunamuita skania kwa jinsi anavyobeba, aliingilia Tabora miaka ya sabini mwishoni akasambaa nchi nzima. Halafu kuna sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu hukuhuku Dodoma na Manyara, kwa mahindi yaliyoingiwa na hiyo sumu ya ukungu. Kwa hiyo ghala zuri linawasaidia watu bei, na linawasaidia pia wasile sumu.

Angalia hanga sasa kama ghala. Milango miwili: mzigo unaingilia huku unatokea kule, kilichotangulia kuingia kinatangulia kutoka, ndo kanuni ya kwanza ya ghala. Madirisha madogo ya juu: hewa inapita, mwizi hapiti, unaweka wavu wa panya na ndege basi. Jamvi la zege: lipo, zibeni nyufa. Mnanunua chaga za mbao magunia yasikae chini, mnaacha nafasi ya kupita mtu kati ya magunia na ukuta, mnakuwa na kipima unyevu, mahindi yakizidi asilimia 13 na nusu hayaingii, mwenyewe aende akaanike. Hanga moja linabeba gunia elfu moja na zaidi za kilo mia. Na mwenye mzigo mdogo aweke kwenye mifuko ya PICS, ile ya nailoni mbili ndani na kiroba nje, hahitaji hata dawa.

Mesi nayo inaingia hapa, ina sakafu ya mteremko na mifereji ya jikoni, inafaa mashine ya kukamua alizeti. Dodoma na Singida alizeti ndo kwao. Mafuta yanauzwa, mashudu wafugaji wanayagombania. Ila mashine inataka umeme wa fezi tatu, na ile elfu 27 ya kuunganishiwa umeme kijijini ni ya laini ya kawaida, fezi tatu ni bei nyingine, ulizeni kwanza. Na msidhani itakamua mwaka mzima, mbegu zikiisha inalala.

Ghala linakufa kwa kitu kimoja, watu. Nimeona ghala zuri kabisa, la chama cha wakulima mahali fulani, likafungwa misimu miwili kwa sababu gunia zilizoandikwa kitabuni na zilizo kwenye chaga hazikulingana na kila mtu anamwangalia mwenzake. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa mkulima kuweka mzigo akapewa risiti yake, upo kisheria toka 2005, kama hamuwezi kuufuata wote walau wekeni funguo mbili kwa watu wawili ambao si ndugu. Kilomita kumi na nne za vumbi nazo si mchezo, masika fuso haifiki, kwa hiyo mzigo lazima utoke kabla ya Desemba au usubiri.

MAKUMBUSHO

Kijana wa treni nisimcheke, hoja anayo. Huku kwetu kuna historia ya kijeshi ambayo watu hata hawaijui. Kongwa hapo jirani, Waingereza walileta mradi wa karanga 1947, wakanunua vifaru vya vita vya Sherman vikageuzwa matrekta, yakaitwa Shervick, wakafikiri kifaru kikishinda vita kitashindwa na kichaka cha Kongwa? Ardhi ikawashinda, ikikauka inakuwa kama zege, mvua nazo hazikuja walivyopanga, 1951 wakafunga baada ya kuchoma zaidi ya pauni milioni 36. Halafu 1964 Kongwa hiyohiyo ikawa kambi ya wapigania uhuru, FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola, wote walipita pale. Hiyo ni hadithi ya dunia nzima.

Na majengo ya jeshi kuwa makumbusho yapo. Boma la Iringa Wajerumani walilijenga kama hospitali ya jeshi, toka 2016 ni makumbusho. Boma la Arusha pia. Mombasa, Fort Jesus, ngome ya Wareno ya miaka ya 1590, Waingereza wakaifanya gereza mpaka 1958, leo watu wanapanga foleni kuingia. Lakini angalieni yako wapi. Iringa iko katikati ya mji na ni njia ya kwenda Ruaha, Arusha ni Arusha, Mombasa ina bahari. Sisi tuko kilomita kumi na nne za vumbi na kambi yetu haikuwa na wapigania uhuru, ilikuwa kambi ya kawaida tu. Hadithi ipo ya kusimulia Jumamosi moja, watu wa kulipa kiingilio kila Jumanne hawapo.

Mfano ninaoupenda ni Mazimbu, Morogoro, na ile haikuwa kambi ya jeshi hasa, ilikuwa shule na makazi ya ANC kwenye lililokuwa shamba la mkonge, shule ya Solomon Mahlangu, ilianza 1978. Walivyorudi kwao wakaikabidhi kwa serikali yetu 1992, leo ni kampasi ya SUA, chuo kikuu cha kilimo. Makaburi ya wapiganaji yapo, wageni toka Afrika Kusini wanakuja, na majengo yamesimama kwa sababu kila siku kuna wanafunzi ndani na chuo kina bajeti ya bati. Nachingwea nako ilikokuwa kambi ya FRELIMO ya Farm 17 kuna sekondari yenye jina hilohilo. Hata Marekani, kambi ya Presidio kule San Francisco jeshi liliondoka 1994, ikawa hifadhi, ila kinacholipa bili ni kodi ya nyumba na ofisi zilizomo ndani. Makumbusho yanabebwa mgongoni na kitu kingine. Kwetu nimependekeza kile kijumba cha lindo getini, chumba kimoja, picha na vitu vichache, ufunguo akae nao mzee mmoja. Gharama yake ni rangi na kufuli.

NYUMBA ZA KUPANGA

Hili linategemea mko wapi tu, wala halihitaji maneno mengi. Freiburg, Ujerumani, wanajeshi wa Ufaransa waliondoka kwenye kambi ya Vauban 1992, mji ukageuza eneo lote kuwa mtaa wa makazi wa watu zaidi ya elfu tano, na baadhi ya mabweni ya askari yakabaki yakawa hosteli za wanafunzi. Inawezekana kwa sababu ni ndani ya mji. Kambi yenu ikiwa pembeni ya Dodoma mjini, toka serikali ilipoanza kuhamia 2016 na chuo kikuu cha UDOM kile pale juu, basi hosteli ya wanafunzi ni hela. Ya kwetu, nani apange? Walimu wanne na nesi. Hao wanatoshwa na zile kota tatu, zikarabatini wapeni, zina vyumba na milango yake kila moja. Hanga kuligawa vyumba vya familia unarudi kwenye ugonjwa wa darasa la katikati, tena mara kumi.

Zahanati wameiuliza pia. Hapana. Kuna ramani zake za serikali, chumba cha kujifungulia, maji ya bomba, kichomea taka, jengo jipya ni rahisi kuliko kulazimisha.

MIMI NINGECHAGUAJE

Karatasi ni ya muda: ghala, na bweni dogo la vitanda vya kuhamishika. Karatasi ni ya moja kwa moja na maji yamepimwa yanatosha: mahanga mawili bweni la wasichana, mawili ghala, mesi mashine ya alizeti, na mkataba uandikwe kwamba ghala linatoa gunia kadhaa kila msimu kwa jiko la bweni, hapo swali la mzee limeanza kupata jibu. Maji hayatoshi: ghala tu, magunia hayaogi. Mko mjini au jirani na chuo: hosteli, bila kufikiri mara mbili. Mko barabara kuu na kambi ina jina kwenye historia: makumbusho pamoja na kitu kinachoingiza hela, yasiwe peke yake. Mahanga mawili ya asbesto yafungwe kwanza, mtu asilale wala asiweke chakula humo, mpaka paa lishuke kitaalamu.

Watakaosema bweni na ghala visikae kambi moja wana hoja, magari, wabebaji mizigo, mabinti, si picha nzuri. Ndo maana nimeweka bweni upande wa kota za walimu na ghala upande wa geti na uwanja wa gwaride katikati, na uzio. Kama hamna hela ya uzio chagueni kimoja.

Siku ya tatu nilipanda juu ya hanga la nne, lile lililokuwa linaonekana zima kuliko yote. Chini kasimama mzee aliyewahi kuwa mpishi wa mesi, tulishasalimiana mbukwenyi toka asubuhi na hajaniacha hatua moja. Nikachomeka bisibisi kwenye kenchi. Ikazama mpaka kwenye mpini, kama nimechoma mkate. Nje mbao ina rangi yake ya kijivu safi, ndani mchwa wamemaliza, umebaki unga na vinjia vya udongo. Nikamuonyesha kipande, akakigeuza geuza mkononi akasema, "Hili ndo walikuwa wanaliita B kombania. Lilikuwa linalaza watu themanini." Nikamuuliza babu, lilikuwa linavuja? Akasema wakati ule kila Jumamosi kuna kuruta anapanda juu na kopo la lami.

Kile kipande cha kenchi nimekiweka kwenye mfuko wa rambo, kipo kwenye buti ya gari. Mkutano mkuu ni wiki ya pili ya mwezi wa nane na mjomba kanipa ajenda namba tatu, nitakiweka mezani mbele ya diwani kwanza ndo niongee.